Mwaka Tuliompima Adelina

Tulipomzika Mzee Masalu mwezi uliopita, kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mtu mpole, asiyeweza kumtisha hata kuku. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya turubai na wanawake wenzangu, nikaguna kwa nguvu mpaka wa pembeni akanibana mkono. Nilimjua Mzee Masalu akiwa Mhasibu Mkuu wa chama cha ushirika cha pamba, na nakwambia, watu walikuwa wakisikia viatu vyake kwenye ngazi wanaacha kutafuna. Adelina alikaa upande wa pili. Alifika asubuhi ile kwa ndege kutoka Dar, kichwa chote mvi, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Tulipokutana kwenye foleni ya kunawa mikono hakunisalimia kwanza, aliinama akaninong'oneza, "Dada, jeneza limefungwa na bado tumbo linanikata." Tukacheka vibaya, msibani kwa watu, mpaka wazee wakageuka. Tangu siku hiyo mwaka ule umekuja kukaa kwangu na hauagi, ndiyo maana nauandika. Naandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa sababu darasa la tatu halikunifikisha kwenye mwandiko wa kuunganisha. Atakayeona makosa ayasahihishe, ila maneno asiyaguse.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kuingia vijijini na mizani zao kununua pamba, kazi ambayo tangu tupate akili ilikuwa ya ushirika peke yake. Sikuwa nimefika miaka thelathini. Nilikuwa na hoteli Mabatini, na nikisema hoteli nasema mabenchi, meza zilizovikwa plastiki yenye maua, na jiko la nyuma linalotoa moshi mpaka kwa majirani. Uani kulikuwa na vyumba vya kupangisha, vimeegemea jabali kubwa lililokunywa jua mchana kutwa na kuturudishia joto lote jioni. Nilikotoka kule Nansio na nani alinizaa si habari ya hapa. Ile hoteli niliijenga kwa mkono wangu, sikurithi wala sikuhongwa, na asiyeamini aende akaulize. Watu waliniita Mama Nansio kabla sijazaa hata mtoto mmoja. Basi mambo yalikuwa yanageuka kwa namna ambayo mtu huelewi ufurahi au ulie. Madukani vitu viliingia, sabuni za kila rangi, mafuta ya kupikia, redio, mitumba imerundikwa mpaka barabarani. Maofisini watu walikuwa wanatoka. Wateja wangu wa mchana walikuwa wafanyakazi wa serikali na ushirika, na zamani walibishania mpira mpaka wakasahau kulipia chai. Mwaka ule walikula wameinama, neno lao ni moja, punguzo, yaani kupunguzwa kazini. Fulani yumo. Fulani naye nasikia yumo. Nilikuwa nikipita na sahani nasikia, na huyo fulani akiingia wote wanageukia mchuzi kana kwamba umeandikwa kitu.

Adelina alipanga chumba cha mwisho. Msichana wa Kihaya kutoka upande wa Muleba, mrefu, mwembamba, ana shahada ya biashara ya chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa mhasibu chini ya Mzee Masalu. Jumamosi aliniwekea hesabu za hoteli sawasawa, na mimi nikampikia ndizi zilizoletwa na meli kutoka kwao, maana ugali wa muhogo alikuwa anaumeza kama kwinini. Jumamosi moja alipomaliza hesabu alisimama akafunga dirisha. Kisha akafunga mlango. Joto la jabali lile, na sisi tumejifungia kama mikate.

"Dada, nikikwambia kitu utakaa nacho?"

"Kama umeua mtu sema haraka, nina mboga jikoni."

Hakucheka. Akaniambia kwamba kuna chuo cha biashara Uingereza kinachukua vijana wenye kazi kutoka nchi zetu, kinawasomesha shahada ya uzamili kwa gharama zake, na mwaka ule watu wa chuo wangefika mpaka Mwanza kuwaona waombaji kwa macho. Yeye ameomba, na mchujo wa kwanza amepita. Nikataka kupiga vigelegele, akaniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa baridi katika joto lile lote. "Mzee Masalu akijua nataka kuondoka, mimi ndiye wa kwanza kwenye punguzo," akasema. "Chuo nikikosa na kazi imeniponyoka, nirudi Muleba nikawe nani?" Hofu ya pili aliisema polepole, huku akitazama sakafu. Kuna mwenzao ofisini aliyetangaza kuwa anakwenda kusoma, akafanya na sherehe, na kabla pasi ya kusafiria haijatoka akaugua ugonjwa usio na jina. "Safari ikisemwa, watu wanaikalia." Leo mtu akisikia hayo atasema msomi mzima anaamini mambo ya kijicho. Mimi sikumcheka. Niliponunua bati za hoteli niliziingiza zimefunikwa mikeka, na fundi nilimwambia ni za mtu mwingine. Tuliishi hivyo. Ukiwa na jambo jema ulilificha kama wengine wanavyoficha baya.

Mtu wa tatu kuijua siri alikuwa Mwalimu Bwire, Mjita, mwalimu mstaafu wa sekondari aliyefiwa na mke na kula kwangu kila jioni. Alikuwa amewahi kukaa kwenye kamati za kuchagua wanafunzi, kwa hiyo tulimtegemea kama mtu anavyomtegemea mganga. Sahani zikishatolewa, wateja wameondoka, alimwaga visoda mezani, vile vifuniko vya chupa nilivyokuwa naviweka kwenye kopo, akaanza kumpima Adelina. Vinavyomvuta mbele aliviweka kulia, vinavyomrudisha nyuma kushoto. "Shahada, huku. Kiingereza, huku. Mwanamke, huku, siku hizi wanawatafuta. Kazi ya ushirika..." akakishika kisoda hewani. "Wazungu wakisikia ushirika wanaona mgonjwa anayekata roho. Kushoto." Nami nikachukua changu nikakibamiza kushoto. "Mwoga," nikasema. Adelina akakitazama kile kisoda kama mtu aliyetajwa jina la utani mbele ya mkwe.

Mwalimu akakunja nne, akajifanya mzungu. "Kwa nini tukuchukue wewe na si mwingine?"

"Labda... nyinyi wenyewe ndio mtaona."

"Wee Ade!" Nilishindwa kukaa. "Mimi nikimpelekea mteja sato nimwambie labda mwenyewe ataona kama hajaoza?"

"Dada, kujisifu ni vibaya."

"Nani kakutuma ujisifu? Sema unachofanya."

"Tunafunga hesabu za mwezi, tunaandaa—"

"Tunafunga, wewe na nani?" Mwalimu akamkata.

Alikuwa anazifunga peke yake, na sisi wote tulijua, ila kulisema lile "mimi" mbele ya watu ilikuwa kama kuvua nguo. Alipolisema hatimaye alilitoa kwa sauti ndogo, akageuka kutazama mlango. Mwalimu akauliza kazini atasemewa na nani. Akajibu kwamba amewaomba watu wa chuo wasifike ofisini kwake. Wana utaratibu wa kwenda kumwona mtu anayemfahamu mwombaji kwa kazi, na yeye amewapa jina langu, kwa zile hesabu za Jumamosi. Mwalimu alinitazama mimi, akatazama plastiki yenye maua, kisha akakusanya kiganja kizima cha visoda akavisukuma kushoto. "Binti yangu, mtu asiyesemewa na bosi wake, watajiuliza amefanya nini." Wakanigeukia niseme langu. Mimi simpaki mtu mafuta. Nikamwambia, "Hupati." Aliinuka, akaenda uani kuosha sufuria ambayo haikuwa yake.

Hofu ilihamia kwetu, ikawa kama mpangaji mwingine. Adelina aliacha kula. Ndizi nilizompikia nilizikuta zimefunikwa vile vile, zimekauka juu. Gari likisimama nje alishika shingo. Alianza kurudi kutoka kazini kwa njia za nyuma, kati ya majabali, ili asikutane na watu wa ofisi yake na macho yake yakasema yenyewe. Na mimi, ambaye sikuomba chuo chochote, nikaanza kuhesabu wateja kwa jicho baya. Huyu anayechelewesha chai yake ametumwa na nani? Yule karani anayeuliza kama chumba cha mwisho kina mtu, anauliza ili iweje? Nilimjibu kwamba kuna panya. Mpishi wangu, Mama Limi, mwanamke wa Kisukuma mwenye umri wa mama yangu, aliona yote na hakuambiwa lolote. Yeye akahitimisha kwa akili yake kwamba Adelina anatafutwa.

Watu wa chuo walikuja. Walimhoji Adelina katika hoteli kubwa ya kando ya ziwa, akarudi akasema hakumbuki alichojibu, anakumbuka tu kwamba glasi ya maji iligonga meno. Walimwambia kesho yake au keshokutwa watapita kwangu. Ile kesho yake boti za wavuvi zilichelewa kufika mwaloni Kirumba, nikakaa huko mpaka jua likawa kali. Niliporudi na beseni la sato kichwani nikakuta hoteli imetulia, watu wanakula bila maneno, na Mama Limi amesimama mlangoni, mikono kiunoni, uso unang'aa kama mtu aliyezima moto.

"Tumewafukuza," akasema.

"Akina nani?"

"Watu wa faili. Mzungu mama mmoja na mwanamume wa tai, lafudhi ya Dar. Wanamtaja Adelina kwa majina yake yote, hadi la baba. Nikasema hapana mtu kama huyo hapa. Wakamuuliza wa mkaa pale, akasema huyo alihama zamani. Wakakuulizia wewe, nikasema Mama Nansio alirudi kwao Ukerewe, huenda amekufa."

"Umeniua?"

"Nimekusaidia, mama."

Beseni lilinielemea nikaliweka chini. Ndipo nikamwona Mwalimu Bwire kwenye kona yake, chai imeganda ngozi juu. "Mwalimu, shikamoo," nikamwambia, na shikamoo ile haikuwa ya heshima. "Wewe ulikuwa hapa?" Hakuitikia marahaba. Walimuuliza na yeye, tena kwa adabu, na yeye akajibu simfahamu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa anajifanya mzungu kila jioni! Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika. Akanisubiri nimalize, mikono yake iko juu ya plastiki. Akanieleza kwamba katika miaka ile ya msako wa walanguzi, maduka yalipokuwa matupu, walimjia watu wenye faili, wasafi, wapole, wakamuuliza jirani yake fulani anakaa wapi. Naye akanyoosha kidole. Jirani alichukuliwa kwa ajili ya sukari iliyokuwa chini ya kitanda, na aliporudi hakuwa mtu tena. "Leo swali lilikuwa lile lile, Mama Nansio. Na sauti ile ile. Mdomo ulijibu kabla mimi sijafika." Sikumwelewa siku ile, nilikuwa na hasira. Namwelewa sasa. Mtu aliyezaliwa juzi anadhani mgeni mwenye faili amekuja kukusaidia. Sisi tulifundishwa tofauti, na somo lile tulilijua wote bila kufungua daftari, mpishi, muuza mkaa na mwalimu. Mtaa mzima ulimkana yule msichana kwa sababu unampenda.

Adelina aliporudi nikamwambia bila kuzunguka. Hakulia. Alikaa chini uani, kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisini, akaanza kuokota vijiti vya kuni na kuvivunja. Alisema wageni wanaondoka kesho kwa ndege ya mchana. Nikajifunga kitenge kizuri, nikaenda. Sikuwahi kuingia hoteli yenye zulia. Nilikuwa nawauzia samaki kupitia jikoni. Kijana wa mapokezi alinusa kabla hajanitazama.

"Mama, samaki ni mlango wa nyuma."

"Leo sikuleta samaki. Nimeleta mdomo."

Nikajifanya jasiri hivyo, lakini miguu ilikuwa inazama kwenye zulia na mimi naiona kama imeshikwa. Wageni walikuwa barazani wanakunywa chai, ziwa liko mbele yao limetulia. Yule mwanamume wa tai alinisikiliza mpaka mwisho, akamtafsiria mwenzake, kisha akaniuliza, "Tuliambiwa Mama Nansio huenda amekufa. Sasa wewe tukuamini vipi?" Nilimwonyesha mikono yangu, magamba ya sato bado yapo kwenye kucha. Akatabasamu kidogo, lakini neno lake lilikuwa zito: msichana ana uwezo, ila kazini amewazuia wasifike na nyumbani hajulikani. Wakiondoka hivyo, jina lake linabaki Mwanza. "Lete mtu mmoja wa kazini kwake, kesho kabla hatujaenda uwanjani. Mmoja tu, anayemwongoza."

Nilirudi na lile neno nikampa Adelina. Anayemwongoza alikuwa mmoja. Nilimwona akilipima kichwani, kazi upande huu, chuo upande ule, na uso ukibadilika kila upande unapozama. Akasema hawezi kusimama mbele ya Mzee Masalu, sauti haitatoka. Nikamuuliza basi tuache? Nikaanza kuinuka. Ndipo akanishika kitenge. "Nenda wewe, dada. Kama ni kunifukuza, anifukuze kupitia kwako."

Alfajiri nilikuwa Pasiansi. Nyumba ya Mzee Masalu ilikuwa na ua wa michongoma na mlango wa wavu, na binti wa kazi akaniingiza sebuleni, akaenda kuita. Makochi yote yalivikwa vitambaa vya kufuma, hata redio ilivikwa chake. Mezani kulikuwa na chai na michembe, vile viazi vya kukaushwa vya Wasukuma, vimepikwa na karanga. Nilimwogopa mtu huyu kwa hofu ya kuazima, ya Adelina na ya wateja wangu wote, na hofu ya kuazima ni mbaya kwa sababu hujui ukubwa wake. Nikasikia sauti mbili nyuma ya pazia la korido, ya mwanamume na ya mkewe.

"Ni nani? Ni wa tume ya punguzo?"

"Anasema ni mama wa hoteli. Anataja msichana wa ofisini kwako."

"Umemwambia nipo? Kwa nini umemwambia nipo?"

"Baba Masanja, viatu vyako viko mlangoni."

Nilikaa wima kwenye kochi. Ile sauti ya kwanza ilikuwa ya mtu anayejificha. Akatoka amevaa singlendi na suruali ya ofisini, mkanda haujafungwa, na kwa mara ya kwanza nikaona ana shingo nyembamba. Nikainama kidogo, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akabaki amesimama karibu na pazia. Nikasema yote kwa pumzi moja, chuo, wageni, ndege ya mchana, na kwamba Adelina alimficha kwa kuogopa punguzo. Nilipofika hapo kwenye punguzo aliketi, taratibu, kama anayekalia kitu kinachoweza kuvunjika.

"Nimeshalipeleka jina lake," akasema.

"La nini?"

"Walidai kila idara itoe majina. Nikaangalia nani ana watoto, nani anauguza, nani ana mke asiye na kazi. Yeye hana mume, hana mtoto, ana shahada. Nikasema huyu atavumilia." Akachukua kipande cha mchembe akakirudisha. "Wiki ya tatu sasa natafuta namna ya kumwambia. Kila nikipanda ngazi nasema leo. Akinitazama, nakwenda zangu."

Kumbe viatu vile tulivyoviogopa vilikuwa vinamkimbia yeye. Na kumbe kazi aliyoifichia safari mwaka mzima ili asiipoteze, alikuwa amekwisha kuipoteza, na aliyempotezea ndiye aliyekuwa anamwogopa. Nikamuuliza na jina lake yeye mwenyewe liko wapi. Akatazama pazia, akanipungia mkono nisiseme kwa nguvu. "La kwangu limepelekwa na wengine. Mke wangu hajui." Sijui nilipata wapi ule mdomo, mbele ya mtu ambaye wahasibu wenye digrii walimpisha ukutani. Nikamwambia, "Mzee, funga mkanda. Tunakwenda."

Pale barazani kwa wageni alizungumza Kiingereza muda mrefu, na mimi sikuelewa hata neno. Nilitazama mikono. Mwanzoni aliishikanisha magotini. Baadaye ikaanza kuonyesha vitu, kupanga hewa mafungu mafungu, na mara moja alijigusa kifua akatikisa kichwa, kisha akaonyesha upande wa mjini, ofisini. Mwanamume wa tai aliniambia baadaye kwamba pale alisema hesabu zile hazikuwa zake hata siku moja, zilikuwa za Adelina, yeye alitia sahihi tu. Mzungu aliandika, akaandika. Halafu akanigeukia mimi, akauliza kupitia kwa mwenzake: mama huyu angeweza kumwachia Adelina hoteli yake aiendeshe?

Nilijua jibu linalotakiwa. Mzee Masalu alinitolea macho nilitoe. Mimi nikasema, "Leo, hapana." Hata aliyekuwa anafuta meza ya jirani akasimama. "Anajua hesabu kunishinda mimi na nyinyi. Lakini anaogopa watu. Muuza samaki akimkaripia atampa bei anayotaka. Nikimwachia leo, narudi nakuta yamebaki mabenchi. Kama chuo chenu kinafundisha hesabu tu, msimchukue, anazo. Kama kinafundisha mtu kusema hapana, mchukueni." Yule wa tai alitafsiri polepole, na sijui alitafsiri yote. Mzungu alinitazama kwa muda, akafunga faili. Tukiwa tunarudi, tulipofika njia panda Mzee Masalu alisema, "Umemmaliza." Nikamwambia nimesema kweli. Mpaka leo nasema nilisema kweli. Lakini mgongo wangu ulikuwa umelowa kama wa mtu aliyetoka ziwani.

Alinisihi nisimwambie Adelina habari ya punguzo, atamwambia mwenyewe. Sikumwahidi. Mchana huo huo Adelina alipokuja kula nilimkalisha jikoni, nikamwambia yote, punguzo na lile "hapana" langu. Nilitegemea apige kelele. Alivuta sahani ya mtu mwingine, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, akala. Alikula mpaka akanyonya mifupa ya kichwa, na Mama Limi akasimama na mwiko anamtazama. "Hakuna tena cha kuficha," akasema, mdomo umejaa. Kisha akaacha kutafuna. Nilimwona akifikia kule nilikokuwa nimeshafika mimi: kwamba sasa mlango umebaki mmoja, nao mimi nimeusukumia jiwe. Vidole vyake vikashika ukingo wa sahani. Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kuliko ya mwanzo. Zamani tuliogopa mambo mengi, tukachagua la kuogopa leo. Sasa lilikuwa moja, tuliamka nalo na kula nalo. Mwalimu hakugusa visoda tena.

Jibu lilikuja kwa simu. Mzee Masalu aliwapa wale wageni namba ya ofisini kwake, na siku hiyo ofisi nzima ilikuwa imekusanyika pale kusikia habari za punguzo, barua zinatolewa mwisho wa wiki. Adelina alinisimulia. Simu ililia, Mzee akapokea, akaongea Kiingereza kidogo, akasikiliza. Akaweka mkono juu ya mdomo wa simu, akasema mbele ya watu wote, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwakaripia, "Adelina. Chuo cha Uingereza. Wamekuchukua." Kitu alichokifungia dirisha na mlango kikasemwa mbele ya kila aliyemwogopa. Hakuna aliyepiga makofi. Walimtazama tu, wale watu wenye majina yaliyokwisha kupelekwa na wale wasiojua kama yamepelekwa, na yeye akadhani sasa ndipo wanaikalia safari yake. Akasubiri augue pale pale. Ndipo mpiga chapa, mama mtu mzima ambaye siku zote alimwita "mtoto wa chuo" kwa kejeli, akauliza kwa sauti iliyopasuka, "Mwanangu, ulifanyaje?"

Jioni ile walikuja kwangu. Si kwa chakula. Walisimama mlangoni wakisukumana, makarani, mpiga chapa, dereva, na nyuma yao Mzee Masalu amevua tai ameiweka mfukoni. Adelina alikaa jikoni na Mama Limi, analia na kucheka kwa zamu. Mpiga chapa ndiye aliyesema. "Mama Nansio, tumesikia hapa mnapima watu."

Nikawaambia wakae. Mwalimu Bwire akasogeza kiti kimoja katikati, akauliza nani anaanza. Hakuna aliyeanza. Walitazama kile kiti kama kina msumari. Dereva akamsukuma karani, karani akasema yeye amekuja kusindikiza. Niliona aibu kwa ajili yao, na hasira, watu wazima wenye vyeti. Nikavua aproni. Nikasema, pisheni, nitawaonyesha, si kitu, na nikaketi mimi.

Mwalimu hakucheka wala hakujifanya mzungu. Alinitazama kama nilivyomwona akimtazama Adelina, kana kwamba hanijui, kana kwamba sijampakulia chakula kila jioni miaka yote ile.

"Haya, mama," akasema. "Wewe unataka nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeulizwa bei, nimeulizwa kama kuna mboga, nimeulizwa mwanamume wangu yuko wapi. Swali lile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu nizaliwe. Nikajikuta nimegeuka kutazama mlango, kama Adelina, na watu wote wa ofisi wananisubiri nijibu.